Kaunta ya Bunduki Katika Maduka Makubwa ya Marekani: Kilichoondolewa na Kilichobaki

Katika maduka mengi ya Walmart yaliyoko kwenye miji midogo ya Marekani, mtu akishapita rafu za rangi ya nyumba, betri za gari na vyakula vya mbwa, hufika kwenye kaunta ya vifaa vya michezo na uwindaji. Hapo huuzwa ndoano, mahema, tochi na vibali vya kuvua samaki. Nyuma ya muuzaji, ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli, zimesimamishwa bunduki za mitutu mirefu, kila moja ikiwa na kibandiko cha bei kama kilivyo kwenye birika au pasi. Mteja anayetaka mojawapo huonyesha kitambulisho, hujaza fomu, husubiri majibu ya ukaguzi na hulipa. Kisha mfanyakazi humsindikiza na boksi lake hadi mlangoni.

Kaunta hiyo imepungua kwa miaka thelathini. Bastola ziliondoka kwanza, bunduki zinazofanana na za kijeshi zikafuata, kisha aina kadhaa za risasi, na katika kampuni nyingine kaunta nzima iling'olewa na nafasi yake ikajazwa jezi na viatu. Habari hizi zimetangazwa vipande vipande, kila kipande baada ya mauaji fulani, na kwa sababu hiyo watu wengi wamebaki na picha mbili zisizopatana: wapo wanaoamini kwamba maduka makubwa ya Marekani yameacha kuuza silaha, na wapo wanaoona kwamba hakuna lililobadilika. Picha zote mbili si sahihi. Ili kuelewa kilichotokea hasa, ni lazima kuanza na kazi ambayo kaunta yenyewe inafanya katika sheria ya nchi ile.

Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea mpangilio ambao kibali hutangulia silaha. Mwombaji hupeleka maombi kwa mamlaka, hueleza kwa nini anahitaji silaha, huchunguzwa, na akikubaliwa ndipo anapoanza kuitafuta silaha yenyewe. Muuzaji huja mwishoni, wakati dola imekwisha kusema neno lake. Marekani mambo huanzia upande wa pili. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanaitambua silaha kuwa haki ya raia, na ingawa yapo majimbo yanayodai kibali kabla ya ununuzi, sheria ya nchi nzima haimlazimishi mtu mzima kueleza kwa nini anataka bunduki. Kinachobaki ni kuwazuia wale ambao sheria imewakataza, na mahali pa kuwazuia ni dukani. Kwa Wamarekani wengi, kaunta ndiyo mahali pekee ambapo dola hukutana na mnunuzi wa silaha, na anayesimama hapo kwa niaba ya dola ni muuzaji wa kampuni binafsi. Ndiyo maana uamuzi wa mwenye duka kuhusu umri, muda wa kusubiri au aina ya bunduki una uzito ambao uamuzi wa kuuza au kutouza sabuni hauwezi kuwa nao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, bunduki iliagizwa kwa barua. Kampuni kama Sears zilichapisha katalogi nene ambazo ndani yake bunduki ilikaa kurasa chache tu kutoka kwenye cherehani na majembe, na mkulima aliyeishi mbali na mji alituma hundi akaletewa mzigo wake nyumbani. Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza bunduki kwa njia hiyo hiyo kutoka duka la vifaa vya michezo la Chicago lililoitwa Klein's, akitumia jina la uongo na kulipa dola 19.95 pamoja na gharama za usafirishaji. Tarehe 22 Novemba mwaka huo Rais John F. Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo mjini Dallas. Miaka mitano ilipita, na wakauawa pia Martin Luther King na Robert Kennedy, kabla Rais Lyndon Johnson hajatia saini, mwezi Oktoba 1968, Sheria ya Kudhibiti Bunduki. Sheria hiyo ilikomesha biashara ya kumtumia mteja wa kawaida silaha kwa posta kutoka jimbo moja hadi jingine, ikamtaka kila mfanyabiashara wa silaha awe na leseni ya serikali kuu, na ikaweka umri wa chini wa kununua kwa mwenye leseni: miaka 21 kwa bastola na miaka 18 kwa bunduki za mitutu mirefu. Kwa hiyo kaunta tunayoizungumzia, kama lango la sheria, ilizaliwa mwaka 1968.

Kwenye kaunta hiyo kuna fomu inayoitwa 4473. Mnunuzi anaulizwa kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, kama anatoroka mkono wa sheria, kama amewahi kuhukumiwa kwa ukatili wa nyumbani, kama anatumia dawa za kulevya, na kama bunduki ni yake mwenyewe au anamnunulia mtu mwingine kwa siri. Anaulizwa pia kuhusu uraia na hali yake ya uhamiaji, na hapa ndugu zetu walio Marekani wanahusika moja kwa moja: mkazi wa kudumu anaweza kununua, lakini mwenye viza ya muda, kwa mfano mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida amekatazwa isipokuwa awe na sababu chache zilizotajwa na sheria, kama vile kibali halali cha kuwinda. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na wapo waliofungwa kwa kujibu swali moja kinyume cha ukweli.

Fomu ikishajazwa, muuzaji hupeleka taarifa kwenye mfumo wa ukaguzi ulioundwa kutokana na Sheria ya Brady ya mwaka 1993 na kuanza kazi mwezi Novemba 1998. Katika baadhi ya majimbo ukaguzi hupitia kwa mamlaka za jimbo. Kwingineko hufanywa na FBI, katika kituo chake cha Clarksburg, West Virginia. Mara nyingi jibu huja baada ya dakika chache, nalo huwa moja kati ya matatu: endelea, kataa, au subiri. Majibu mawili ya kwanza hayana utata. La tatu lina mlango ndani yake, na mlango huo watu wengi hawaujui.

Mkaguzi anaposema "subiri", ana siku tatu za kazi za kutafuta kumbukumbu anazozihitaji, labda jalada la mahakama ya wilaya fulani ambalo halijaingizwa kwenye kompyuta. Siku hizo tatu zikiisha bila jibu, sheria ya nchi nzima inamruhusu muuzaji kumkabidhi mteja bunduki, ingawa ukaguzi haujakamilika. Haimlazimishi kufanya hivyo, wala haimkatazi, bali inamwachia mwenye duka aamue. Mwezi Aprili 2015 kijana mmoja alinunua bastola katika jimbo la South Carolina, akaambiwa asubiri, siku tatu zikapita, akaichukua. Mwezi Juni aliingia katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, ambako waumini weusi walikuwa wakisoma Biblia, akawaua watu tisa. Baadaye mkurugenzi wa FBI, James Comey, alikiri hadharani kwamba mauzo yale yalistahili kuzuiwa, kwa sababu ilikuwepo kumbukumbu ya kijana huyo kukiri kumiliki dawa za kulevya, lakini mkaguzi hakuifikia kwa wakati.

Walmart, kwa kanuni yake yenyewe, haimkabidhi mteja bunduki mpaka jibu la "endelea" lipatikane, hata kama siku tatu zimepita na hata kama zimepita thelathini. Kanuni hiyo haikutangazwa kwa kishindo wala haikuleta waandamanaji mlangoni, na bado naiona kuwa na uzito kuliko karibu kila uamuzi mwingine tutakaoutaja hapa. Bunduki iliyoondolewa kwenye kabati la duka moja inapatikana kwenye duka la jirani. Lakini kampuni yenye maelfu ya maduka inapokataa kutumia mlango ambao sheria imeuacha wazi, inafunga maelfu ya milango kwa pamoja, na inamzuia yule yule ambaye mashaka juu yake hayajaondolewa.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba wajibu huu wote unamwangukia mwenye leseni tu. Mtu binafsi asiyefanya biashara ya silaha akimuuzia jirani yake bunduki ya zamani, sheria ya nchi nzima haimtaki afanye ukaguzi wowote, ingawa majimbo kadhaa yametunga sheria zao za kuufanya lazima. Duka kubwa halijawahi kuwa na unafuu huo, kwa sababu lina leseni, lina kamera na lina kumbukumbu, na mawakili wake hawalali. Anayetaka kukwepa macho ya sheria ana sababu chache sana za kwenda kusimama kwenye kaunta yake.

Sasa tugeukie kabati lenyewe. Sam Walton, aliyefungua duka la kwanza la Walmart mwaka 1962 mjini Rogers, Arkansas, alikuwa mwindaji wa kware, na mapenzi hayo yaliingia ndani ya kampuni: chakula cha mbwa kinachouzwa na Walmart hadi leo kimepewa jina la mbwa wake wa kuwindia, Ol' Roy. Maduka yake yalisambaa kwanza katika maeneo ya vijijini ya kusini na katikati ya nchi, ambako msimu wa kuwinda kulungu ni sehemu ya mwaka kama ulivyo msimu wa mavuno. Katika mazingira hayo bunduki haikuwa bidhaa ya pembeni. Wapo waliopelekwa na baba zao Walmart kununuliwa bunduki yao ya kwanza, na wanapoisimulia siku hiyo huisimulia kwa heshima. Anayepuuza jambo hili hataelewa kwa nini kampuni hiyo imekuwa ikipunguza hatua kwa hatua badala ya kuacha kabisa.

Hatua ya kwanza kubwa ilikuja mwishoni mwa mwaka 1993, pale Walmart ilipotangaza kuacha kuuza bastola katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Bastola si silaha ya mwindaji wa kawaida. Hununuliwa kwa ajili ya kujilinda, huweza kufichwa chini ya shati, na ndiyo inayotumika katika sehemu kubwa ya mauaji ya kila siku nchini humo. Kampuni iliyojijengea jina la duka la familia iliona kwamba inaweza kuendelea kumhudumia mwindaji bila kubeba lawama za bastola, na mstari huo iliouchora wakati ule ndio ambao imekuwa ikiusogeza tangu hapo.

Kmart, iliyokuwa mshindani wake mkubwa, ilisukumwa kwa namna nyingine. Mwezi Aprili 1999 wanafunzi wawili waliwaua watu 13 katika shule ya sekondari ya Columbine, Colorado, na ikabainika kwamba baadhi ya risasi walizotumia zilinunuliwa Kmart. Mwaka 2001 vijana wawili walionusurika, ambao miili yao ilikuwa bado na risasi ndani, walifika makao makuu ya kampuni hiyo huko Michigan kudai mauzo hayo yakome, na Kmart ikatangaza kuwa itaacha kuuza risasi za bastola. Inafaa kuona kilichowaleta vijana wale mbele ya mlango wa kampuni badala ya mlango wa bunge. Bungeni miswada ilikuwa ikikwama. Kampuni, kwa upande wake, ingeweza kuamua ndani ya siku moja.

Si kila badiliko lilitokana na msiba, hata hivyo. Mwaka 2006 Walmart iliondoa bunduki kwenye mamia ya maduka yake kwa sababu mauzo yalikuwa hafifu, kisha mwaka 2011 ikazirudisha kwenye mengi ya maduka hayo ilipoona kwamba wateja wa uwindaji na uvuvi walikuwa wamehamia kwingine. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 2008, ilitia saini makubaliano ya hiari na umoja wa mameya ulioongozwa na Michael Bloomberg wa New York: mauzo ya bunduki yarekodiwe kwa kamera, wafanyakazi wa kaunta wachunguzwe na kufunzwa, na kumbukumbu ziwekwe kwenye kompyuta ili mteja ambaye bunduki aliyoinunua zamani ilikutwa kwenye uhalifu atambulike anaporudi kununua nyingine. Kwa hiyo kampuni ile ile iliimarisha ulinzi wa kaunta na kuongeza idadi ya kaunta ndani ya miaka mitatu. Hakuna ukinzani hapo, kwa sababu ilikuwa ikitafuta namna ya kuuza bila kuaibika.

Mwaka 2015 ilitangaza kuacha kuuza bunduki aina ya AR-15 na nyinginezo za familia hiyo, yaani zile zinazojipakia risasi zenyewe kila kifyatulio kinapovutwa na ambazo umbo lake limechukuliwa kutoka kwenye silaha za kijeshi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupungua kwa wateja. Wanaharakati walishangilia na wapenzi wa silaha walilalamika, na kampuni iliendelea kusisitiza kwamba lilikuwa suala la nafasi kwenye rafu.

Aliyethubutu kusema wazi kwamba suala ni dhamira alikuwa Ed Stack wa Dick's Sporting Goods. Kampuni hiyo ilianzishwa na baba yake mwaka 1948 mjini Binghamton, New York, kama duka dogo la vifaa vya uvuvi, kwa dola 300 alizopewa na bibi yake kutoka kwenye kopo alimowekea akiba yake. Baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, mwezi Desemba 2012, Dick's iliziondoa bunduki za aina ya AR-15 kwenye maduka yake. Haikuchukua muda mrefu zikarejea kupitia maduka dada yaliyoitwa Field & Stream, jambo lililoonyesha jinsi ahadi ya aina hiyo inavyoweza kulegea bila kelele.

Tarehe 14 Februari 2018 kijana wa miaka 19 aliwaua watu 17 katika shule ya Marjory Stoneman Douglas huko Parkland, Florida. Dick's ilipopekua kumbukumbu zake iligundua kwamba miezi michache nyuma ilikuwa imemuuzia kijana huyo huyo bunduki ya marisawa. Haikuwa silaha iliyotumika siku ile, na mauzo yalikuwa halali kwa kila kipengele. Stack alisema kwamba hilo ndilo lililomsumbua zaidi: kila kilichotakiwa kilifanywa, na bado kijana yule aliondoka na bunduki. Wiki mbili baada ya mauaji alitangaza kwamba bunduki zenye sura ya kivita zinaondoka kwenye maduka yake yote, pamoja na magazini zenye kubeba risasi nyingi, na kwamba hakuna atakayeuziwa silaha yoyote akiwa chini ya miaka 21. Siku hiyo hiyo Walmart nayo ilipandisha umri hadi 21 kwa bunduki na risasi, na ikaondoa kwenye tovuti yake hata bunduki za kuchezea zilizofanana na AR-15.

Swali lilizuka juu ya bunduki zilizokuwa ghalani. Kuzirudisha kwa watengenezaji kungemaanisha kwamba zitauzwa na duka jingine, kwa hiyo Stack aliamuru ziharibiwe, na shehena yenye thamani ya takriban dola milioni 5 ikageuzwa kuwa vyuma chakavu. Naona uamuzi huo ulikuwa wa uaminifu, kwa sababu ulikubali jambo ambalo matangazo mengi ya namna hii hulikwepa: bunduki inayoondoka kwenye rafu moja, isipoharibiwa, huwa imehama tu.

Malipo ya uamuzi huo yalikuja haraka. Baadhi ya watengenezaji wa silaha, Mossberg akiwa mmojawapo, walisitisha biashara na kampuni hiyo. Umoja wa wafanyabiashara wa silaha, ambao wakati huo makao yake yalikuwa Newtown, mji ule ule wa shule ya Sandy Hook, uliifukuza uanachama. Wafanyakazi kadhaa waliacha kazi, wateja wa uwindaji walisusa, na Stack mwenyewe alikadiria kwamba sera hiyo iliikosesha kampuni mauzo ya karibu robo bilioni ya dola. Lakini kampuni ilijaribu kuondoa kitengo kizima cha uwindaji kwenye maduka 10, ikajaza nafasi hiyo vifaa vya michezo vilivyopendwa katika kila eneo, na matokeo yalipokuwa mazuri iliendelea na maduka mengine 125 mwaka 2019, kisha mamia zaidi mwaka uliofuata. Bunduki za uwindaji, ambazo hakuna aliyezilalamikia, ziliondoka pamoja na nyingine kwa sababu jezi na viatu vya mpira vililipa zaidi.

Suala la umri lilifika mahakamani. Katika jimbo la Oregon kijana wa miaka 20 aliyekataliwa kuuziwa bunduki alizishtaki Dick's na Walmart, akitegemea sheria ya jimbo inayokataza maduka kumbagua mteja kwa sababu ya umri. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: ikiwa Bunge limesema miaka 18, ni nani aliyempa mwenye duka mamlaka ya kusema 21? Kwa upande mwingine, katika majimbo mengi mwenye duka ana uhuru wa kuchagua bidhaa na masharti yake. Florida yenyewe ililimaliza suala hilo kwa njia iliyo bora zaidi, kwani mwezi Machi 2018 bunge la jimbo, lenye Warepublican wengi, lilipandisha umri hadi 21 kwa sheria, na masharti yakawa sawa kwa kila duka, kubwa kwa dogo.

Kisha msiba uliingia ndani ya duka lenyewe. Tarehe 3 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, familia zikinunua madaftari na mabegi ya shule, mtu mmoja aliingia Walmart ya El Paso, Texas, karibu na mpaka wa Mexico, akiwa na bunduki ya muundo wa AK-47. Waliokufa kutokana na shambulio hilo ni 23, wa mwisho akifariki hospitalini miezi kadhaa baadaye. Muuaji alikuwa ametangaza chuki yake dhidi ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Siku nne tu kabla, wafanyakazi wawili wa Walmart walikuwa wameuawa kwa risasi katika duka la Southaven, Mississippi. Bunduki ya El Paso haikununuliwa Walmart, ambayo haikuwa ikiuza silaha za aina hiyo tena. Ilitengenezwa Romania na kununuliwa kihalali kupitia intaneti.

Mwezi mmoja baadaye mkurugenzi mkuu wa Walmart, Doug McMillon, aliwaandikia wafanyakazi wake. Kampuni ingemaliza akiba iliyopo na kuacha kuuza risasi za bastola pamoja na risasi za .223 na 5.56, ambazo hutumika katika baadhi ya bunduki za uwindaji lakini pia katika silaha zenye magazini kubwa. Bastola zingeondoka Alaska, na hivyo mlango ulioachwa wazi mwaka 1993 ukafungwa. Wateja waliombwa wasibebe silaha waziwazi dukani hata katika majimbo yanayoruhusu. Barua hiyo ilitoa pia takwimu za kusaidia kupima uzito wa jambo: kwa makadirio yake, Walmart ilikuwa na asilimia 2 tu ya soko la bunduki nchini, lakini takriban asilimia 20 ya soko la risasi, na ilitarajia sehemu hiyo ya risasi ishuke hadi kati ya asilimia 6 na 9.

Tofauti ya takwimu hizo inaeleza mengi. Tangazo lililovuma kuhusu bunduki lilihusu sehemu ndogo sana ya biashara yote, ilhali tangazo kuhusu risasi liligusa moja ya tano ya soko. Bunduki hununuliwa mara moja na hudumu miaka hamsini; risasi hununuliwa tena na tena, na zilikuwa zikinunuliwa Walmart kwa sababu zilikuwa rahisi na duka lilikuwa karibu. Aliyeishi kijijini alilazimika sasa kusafiri mbali zaidi au kuagiza kwa intaneti. Usumbufu huo ni wa kweli na uliwaangukia pia wawindaji wasio na kosa, lakini usumbufu si kutopatikana.

Wateja waliopotea hawakwenda mbali. Marekani ina makumi ya maelfu ya wafanyabiashara wenye leseni ya silaha, wengi wao wakiwa na duka moja dogo. Kampuni za wawindaji na wavuvi, kama Bass Pro, ambayo mwaka 2017 ilimnunua mshindani wake Cabela's, ziliendelea kuuza kila aina. Intaneti nayo ina utaratibu wake: mnunuzi huchagua na kulipa kwenye tovuti, lakini bunduki hutumwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni aliye karibu naye, ambaye hutoza ada, humjazisha fomu 4473 na kumfanyia ukaguzi kabla ya kumkabidhi. Kaunta inabaki, ila sasa ni ya mtu anayepokea vifurushi.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na mitaa ya miji kuwaka kwa maandamano, ukaguzi uliofanywa kwenye mfumo wa FBI ulifikia karibu milioni 39.7, kutoka milioni 28 na zaidi mwaka uliotangulia. Ukaguzi si sawa na mauzo, kwa kuwa mwingine ni wa vibali vya kubeba silaha na mwingine ni marudio, lakini hakuna anayetilia shaka kwamba Wamarekani walinunua bunduki nyingi kuliko wakati wowote waliokuwa wakiukumbuka. Haya yalitokea mwaka mmoja tu baada ya barua ya McMillon. Ikiwa kuna aliyetarajia kwamba kufungwa kwa kabati za maduka makubwa kungepunguza idadi ya silaha majumbani, takwimu hizo zilimjibu.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Walmart iliamuru bunduki na risasi ziondolewe mbele ya macho ya wateja kwa kuhofia uporaji, kufuatia machafuko ya Philadelphia, na kesho yake ikaamuru zirudishwe. Tukio hilo dogo linanifanya nisite kuzisifu kampuni kupita kiasi. Zimefanya mambo mema, na naamini kanuni ya kungoja jibu la ukaguzi pamoja na umri wa miaka 21 vimewazuia watu waliostahili kuzuiwa. Lakini kanuni iliyoandikwa na mkurugenzi hufutwa na mkurugenzi, bila kura, bila mjadala na bila mtu yeyote kulazimika kueleza. Bunge lilipopitisha sheria mpya mwezi Juni 2022, baada ya mauaji ya shule ya Uvalde, Texas, liliongeza ukaguzi wa kina na siku za kusubiri kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 peke yao. Kwa wenye umri mkubwa zaidi zile siku tatu zilibaki kama zilivyokuwa, na uamuzi ukabaki kwa mwenye duka.

Jioni ya tarehe 22 Novemba 2022, msimamizi mmoja wa Walmart ya Chesapeake, Virginia, aliingia katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi na kuwapiga risasi wenzake, akaua sita kisha akajiua. Wakati huo kampuni hiyo ilikuwa imetimiza karibu miaka 29 bila kuuza bastola katika jimbo hilo. Polisi walieleza kwamba muuaji, aliyekuwa na umri wa miaka 31 na asiye na rekodi ya jinai, aliinunua bastola yake kihalali asubuhi ya siku hiyo hiyo, katika duka jingine la karibu.